Jumbe Alivyowafukuza Wazee wa Maji

Mwanafunzi wa sekondari akirudi kijijini kwetu, watu humtazama kana kwamba ana dawa ya kila kitu mfukoni. Mimi nilirudi likizo ya Agosti na nguo chafu na haya zangu zilezile. Lori kutoka Mbeya liliniacha Mafinga, nikatembea kwa miguu mpaka jua likaanza kushuka, na nilipofika nyumbani sikumkuta mama. Nilimkuta bondeni, amesimama katikati ya mahindi yake, anautazama mfereji ambao haukuwa na kitu ndani isipokuwa majani makavu.

Hata salamu yangu aliipokea nusu.

"Umefika. Vizuri. Jumbe amewafukuza wazee wa maji."

Huko bondeni ndiko tuna vinyungu, bustani zetu za kiangazi. Mvua zikiisha, huko ndiko tunakolima mahindi na maharage ya kutufikisha kwenye mvua nyingine. Mfereji ni mmoja, unatoka kijitoni, unapita kwa Jumbe kwanza, halafu kwa huyu na kwa yule, na kinyungu chetu ndicho cha mwisho kabisa. Kwa hiyo kila mtu akiongeza mkono kidogo huko juu, sisi huku chini tunakunywa hewa. Mahindi ya mama yalikuwa yanataka kutoa mbelewele, na majani yake yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Baba yuko kwenye mashamba ya chai Mufindi. Mahindi hayo ndiyo yalikuwa chakula.

Ndiyo maana tulikuwa na wazee wa maji, watatu. Hawakuwekwa na Jumbe wala na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Iringa. Waliwekwa na wenye vinyungu wenyewe, baraza likawakubali, na kazi yao ilikuwa kuangalia kila mtu anamwagilia kwa zamu yake na anafunga akimaliza, awe nani awe nani.

Mama alinisimulia yote tukipanda kurudi nyumbani. Bwana shamba alikuwa anakuja kutoka Iringa kuziona kabichi za Jumbe. Jumbe, kwa kutaka kabichi zionekane zimenawa uso, akafungua maji siku isiyo yake. Mgeni alipofika, wakatokea wazee watatu na mabonge ya udongo mikononi. "Kamwene, Jumbe," wakamsalimu kwa adabu zote, wakainama, wakaziba mlango wake wa maji mbele ya mgeni, wakaenda zao. Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, Jumbe akasimama na lile koti lake refu.

"Wazee hawa wamechoka," akasema. "Nimewapumzisha. Kuanzia leo maji ya bonde hili nitayaangalia mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili."

"Na wewe utaangaliwa na nani?" sauti ikatoka nyuma.

Watu wote wakatazama chini. Jumbe akauliza nani amesema. Hakuna aliyejua, ingawa kila mtu alijua ni fundi cherehani, kwa sababu fundi hawezi kusema neno la siasa bila kukohoa kwanza, na alikuwa amekohoa.

Fundi alinifuata kesho yake asubuhi. Yeye ana kadi ya chama, na anaitoa mfukoni kuonyesha hata kwa mtu aliyekuja kushona kiraka.

"Msomi! Hapa ndipo tunapokutaka. Andika barua kwa Bwana Shauri, kwa Kiingereza kizito. Mwambie huu ni udikteta. Unajua kuandika udikteta?"

Nilisema najua. Nilisema kwa sauti ndogo sana, nikiomba asisikie.

Mama alikuwa anapeta mahindi. "Fundi," akasema, "barua yako ikifika Iringa itapumzika kwanza, itakunywa chai, ndipo isomwe. Mahindi yangu hayana nafasi ya kungoja."

"Dada yangu, hii ni haki ya watu wote."

"Sawa. Mimi nimo katika hao watu wote, na nataka maji."

Tukaenda mimi na mama kwa Jumbe. Nilidhani tutakuta amejifungulia maji mwenyewe mchana na usiku. Kumbe hapana. Niseme ukweli, siku zile za kwanza Jumbe alijitahidi. Alizunguka na koti lake na fimbo yake, akawaambia watu "fungua" na "funga", na viatu vyake vikaharibika kwa matope. Kilichomshinda kilikuwa kitu kimoja tu, na mama alikisema mara baada ya salamu.

"Zamu yangu ilikuwa juzi, Jumbe. Maji hayajafika."

"Yamekwama kwa nani?"

"Kwa mama mkwe wako."

Jumbe akavua kofia, akaivaa tena.

"Labda amesahau kufunga," akasema.

"Hajasahau. Amekaa hapo hapo kwenye mlango wa maji. Ameleta na kigoda."

Hapa ndipo nilipoelewa ubaya wa jambo. Kinyungu cha bibi huyo kiko juu ya chetu, kinagusana nacho. Bibi huyo ni mama mzazi wa mke wa Jumbe, na kwetu mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini mpaka mama apite. Sembuse kumwambia funga maji! Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu mmoja wa wazee wa maji alikuwa mume wa bibi huyo. Mzee alimwambia mkewe "funga, zamu imekwisha", bibi akamtukana kidogo, akafunga, wakaenda kula. Jumbe alipomfukuza baba mkwe wake kazini, hili hakulifikiria hata kidogo.

Jumbe alinitazama mimi. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Kijana huyu si msomi? Twende naye."

Tulishuka bondeni. Penye kichaka cha mianzi, mbali kiasi, Jumbe akasimama, akageuka, akatupa mgongo. Mama akapita kwenda kwenye mahindi yake. Mimi nikabaki katikati, mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu nalifikiria kwanza.

"Mwambie mama namsalimu sana," akasema Jumbe, akiiambia mianzi.

"Bibi, Jumbe anakusalimu sana."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya maji, ametulia kama mtu aliyekuja harusini. "Na wewe, mume wangu, huko Mbeya wanakunyima chakula? Miguu gani hiyo? Nitaolewaje na fito?"

Masikio yangu yaliwaka moto.

"Amesemaje?" Jumbe akauliza.

"Amesema amesikia."

"Mwambie, kama haitamsumbua, naomba maji yapite kwa jirani."

Nikamwambia. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma kubwa.

"Mwambie mkwe wangu nakubali kabisa. Ila mimi ni mzee, siwezi kunyanyua mabonge. Aje anifungie mwenyewe. Si alisema atayaangalia kwa macho yake mawili? Aje nayo yote mawili."

Huko chini nilimwona mama ameziba mdomo kwa khanga. Mahindi yake yanakufa, na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Amesemaje?"

"Amesema uje."

"Nije wapi?"

"Hapa, Jumbe."

Halafu Jumbe akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya Jumbe tena, ilikuwa ya mtu aliyechoka: "Yeye anajua siwezi kuja. Muulize anataka nini."

Safari hii bibi hakusubiri nifikishe. Alisema kwa nguvu, lakini akinitazama mimi, ili heshima isivunjike.

"Nataka mzee wangu atoke nyumbani! Tangu apumzishwe anashinda jikoni. Anafunua vyungu. Anauliza chumvi imetiwa lini. Jana amenifundisha kusonga ugali, mimi, niliyemsongea tangu hajaota mvi! Na wenzangu wawili hali ni hiyohiyo. Mmoja mumewe anapanga kuni, ndefu huku, fupi huku, na ole wake atakayechukua ndefu kabla ya fupi. Wanaume hawa walizoea kuamrisha bonde zima. Sasa bonde zima ni sisi!"

Nilirudi kwenye mianzi nikakuta Jumbe ameshaondoka. Nadhani alikuwa amesikia.

Sasa niandike na upande wa pili, maana nikiacha nitakuwa nimeandika kichekesho tu. Jioni ile mama alimpandia bibi, na hakuwa anacheka.

"Mama, mnachofanya nakielewa. Lakini anayeumia si Jumbe. Anayeumia ni mimi."

Bibi alimshika mkono. "Najua, mwanangu. Nikifunga leo, yeye atalala vizuri, na mwakani atafungua atakavyo na hakuna wa kumwambia. Nivumilie kidogo."

"Kidogo hicho ni matuta yangu."

Bibi akauachia mkono wake, lakini maji hakuyafunga. Mama naye hakumwambia afunge. Sijui kwa nini hakumwambia. Nilimuuliza tukiwa njiani, akasema nibebe debe nisiulize maswali ya shule. Tulichota maji kijitoni, debe kwa debe, tukamwagia matuta ya chini ambayo bado yalikuwa na uhai. Ya juu tuliyaacha. Mama alipita kando yake bila kuyatazama, kama Jumbe anavyopita kwa mkwewe.

Nyumbani kwa Jumbe nako, tulisikia, mambo hayakuwa mazuri. Mkewe alimpikia kila siku, akamwekea chakula, akaenda kula kwa mama yake.

Baraza liliitwa haraka kuliko tulivyotegemea. Fundi alikaa mbele, shati amelipiga pasi, kadi mfukoni. Jumbe akasimama akakunjua maneno yake.

"Wazee wetu wamepumzika vya kutosha. Nilitaka tu wapate nguvu. Sasa warudi kazini."

Wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye gogo moja, mikono juu ya fimbo. Baba mkwe wa Jumbe akasema polepole, "Jumbe, kupumzika kutamu. Mimi nimezoea. Sirudi."

"Atarudi!" bibi akapiga kelele kutoka upande wa wanawake, nyuma ya migongo ya wenzake, na baraza lote likaangua kicheko. Hata Jumbe alicheka, akajificha ndani ya kofia.

Mzee alingoja watu wamalize. "Basi narudi, naona nimeshapangiwa. Lakini hukutuweka wewe, mkwe wangu. Walituweka wenye vinyungu. Siku tukikosea, hao ndio watuondoe. Liseme hilo hapa, watu wakusikie."

Jumbe akalisema, haraka haraka, kama mtoto anayesoma sala ili ale.

Fundi akakohoa. "Huku nyuma hatujasikia!"

"Wewe umekaa mbele," akasema Jumbe.

"Nawasemea walio nyuma."

Ikabidi alirudie kwa sauti. "Wazee wa maji wataondolewa na wenye vinyungu. Mimi sitawaondoa." Safari hii lilisikika mpaka kwa mbuzi. Fundi akasimama, akafungua mikono, akaanza: "Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo..."

Mama akasimama pia. Mama yangu hasimami barazani. Haya zangu nimezirithi kwake.

"Mmemaliza?" akauliza. "Kama mmemaliza, nifungulieni maji."

Hotuba ya fundi ikaishia hapo. Watu wakashuka bondeni wote pamoja, wazee mbele, na bibi akafunga mlango wake mwenyewe kwa mabonge makubwa makubwa ambayo alikuwa hawezi kuyanyanyua. Jumbe alibaki kwenye mianzi yake. Nilimwonea huruma, nasema kweli, kwa sababu nilijua kusimama pembeni kulivyo. Nilimsogelea nikamwambia, "Maji yanapita, Jumbe." Akasema, "Ahsante, mwanangu. Viatu vyangu pia vinashukuru."

Maji yalifika kwetu taratibu, yakisukuma mbele yake majani makavu na mende mmoja aliyekuwa anakimbia bila kujua aende wapi. Mama alivua ndala, akaingia, akaanza kuyaongoza kwa jembe tuta kwa tuta. Ya chini yaliinuka baada ya siku chache. Matuta mawili ya juu hayakuinuka. Mahindi ya hapo aliyakata akampa bibi, alishe ng'ombe wake. Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, na siku hiyo hakunitania.

Wiki iliyopita, hapa shuleni, dereva wa lori aliniletea kikapu kutoka nyumbani. Mahindi mabichi, machache, madogo, mengine yana mapengo pale yalipokosa maji wakati wa kuzaa. Niliyachoma nyuma ya jiko la shule. Rafiki yangu anayelala kitanda cha jirani, ambaye kwao ni Rujewa na haheshimu chakula chochote kisichokuwa wali, aliligeuza hindi lake huku na huku.

"Mahindi gani haya? Nusu yake haipo."

Nilimwambia kama hataki arudishe. Alilishika kwa nguvu zaidi, akaendelea kutafuna.