Mbao za kwa Jirani

Mwezi uliopita fundi alikuja kunitandikia sakafu ya mbao katika nyumba yangu ya Carama. Kabla hajashusha hata ubao mmoja alipiga goti, akakwaruza simenti kwa ukucha, akaunusa ule ukucha, akaniuliza: "Mama, huku mulishapaka sire?" Nikamjibu kwa ukali, "Apana! Hata siku moja!" Maskini, yeye angejuaje? Sire ni ile nta nyekundu ya kung'arishia sakafu, na neno hilo likinigusa sikio tu narudi Buyenzi, mtaa niliokulia, kwa mama, na wivu wangu wote unaamka ukiwa na njaa.

Sikiliza basi, ndugu yangu, nikueleze.

Kwetu Buyenzi chini kulikuwa simenti, na mama yangu hakuwa na mpinzani kwa usafi wa sakafu. Jumamosi asubuhi viti vinatolewa uani, sire inapakwa, halafu sisi watoto tunapewa vipande vya blanketi kuukuu tuvikanyage, tusugue huku tukicheza mpaka jasho litutoke. Harufu ya ile nta na ya ndagara, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa kwa mawese jikoni, ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe. Ukimaliza unauona uso wako chini. Jirani yetu, mke wa Mwarabu mwenye duka, sakafu yake haikuwahi kuonja sire. Ilikuwa imepauka kama kisigino kisichojua mafuta. Mama alikuwa akirudi kutoka kwake akitikisa kichwa: "Mwanamke na duka lote lile, na chini vumbi tupu!" Tulicheka, tena tulicheka sana.

Halafu jirani akaleta mbao. Vibao vyembamba vya libuyu, ule mti mgumu mwekundu unaovushwa ziwa kutoka Kongo. Sisi watoto tulijazana mlangoni kutazama, lakini fundi wake hakutandika kitu. Alichuchumaa na ufito mrefu ulionyooka, akaulaza juu ya simenti, akachungulia chini yake. Mwanga ukipita, pana kibonde, anajaza simenti laini. Ufito ukiyumba, pana kinundu, anakisugua kwa jiwe. "Mbao nyembamba haina siri," alituambia. "Chini kukiwa vibaya, juu kutasema." Tulichoka kumtazama, tukaenda zetu kucheza. Tuliporudi siku nyingine, sakafu ilikuwa imekwisha, nyekundu, ya joto, na ukiigonga haikuitika, imeshikana na simenti kabisa.

Sasa nikwambie habari ya bibi, mama yake baba, aliyenilea mgongoni mwake. Magoti yalikuwa yakimuuma, na baada ya chakula cha mchana alipenda kutandika mkeka chini ajinyooshe, nami pembeni, kichwa juu ya mkono wake. Saa zile zilikuwa zangu. Hakuna aliyenigombania. Jirani akamwita aje kuibariki sakafu mpya, kwa kuwa ndiye mkubwa wa mtaa. Bibi akavua kandambili, akakaa, akalala kabisa. "Yo! Hii inanipa joto mpaka mu mifupa," akasema.

Basi, ikawa imekwisha. Tangu siku ile, akishaswali adhuhuri, anachukua mkeka wake anavuka kwa jirani mpaka alasiri. Mi nilibaki na simenti yetu inayong'aa na baridi yake. Na binti wa jirani, rika langu, akaanza kuja bombani amesukwa. Niliijua ile mistari ya nywele, imenyooka, imebana: ilikuwa mikono ya bibi yangu. Nilimchukia yule mtoto.

Baba naye ilimwingia moyoni, ila mwanamume hasemi. Mama yake mzazi anapumzika kwa watu! Alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, na jioni moja akarudi na mbao nyembamba amezifunga nyuma ya baiskeli. Nilirukaruka uani. Bibi anarudi! Nilikimbia bombani kumwambia yule binti, nikamwambia mbele ya watu.

Mama alipouliza habari ya fundi, baba alicheka. "Fundi wa nini? Ya kwao ilikuwa mashimo-mashimo. Ya kwetu iko sawa, hauone vile inang'aa?" Mama akavimba kichwa, akakubali. Loo, kung'aa na kunyooka tulidhani ni kitu kimoja! Baba akamimina gundi moja kwa moja juu ya sire ya miaka yote ile, na gundi juu ya nta ni maji juu ya jani la mgomba. Vinundu navyo vilikuwepo, vibonde vilikuwepo, mng'ao tu ndio uliovificha.

Haikuchukua muda mbao zikaanza kuinuka, mmoja huku, mwingine kule. Bibi hakutaka kumvunja moyo mwanawe, akatandika mkeka akalala. Kila akijigeuza, ko! Akivuta mguu, ko, ko! Mwishowe akainuka ameshika kiuno. "Mwanangu, umenilaza juu ya ngoma," akasema, na baba akacheka huku anatazama ukutani. Kesho yake mkeka ukavuka tena kwa jirani. Mama akazing'oa zile mbao akazichochea jikoni. Maharagi ya siku ile yaliiva upesi ajabu, nami niliyala huku nalia.

Yaani uvivu wa jirani ndio uliomfaa! Gundi yake ilishika kwa sababu hakuwahi kusugua. Haki iko wapi hapo? Mpaka leo nauliza.

Bibi ametangulia mbele ya haki, mama na baba pia. Nyumba zote mbili zimebomolewa, pamesimama ghorofa la maduka lenye vigae vya kuteleza. Watoto wangu hawajui kucheza juu ya blanketi, na nikiwaeleza wananitazama kwa huruma.

Jumapili iliyopita yule binti wa jirani, mama mzima sasa, alikuja Carama kuona sakafu yangu. Alivua viatu mlangoni, akaisifu. Tukiwa kwenye chai akasema, bila nia yoyote mbaya: "We unajua mi nilikuwa nakuonea wivu? Bibi yako akilala kwetu, anaongea habari yako tu. Mujukuu wangu hivi, mujukuu wangu vile. Ati una akili kuliko wote, ati ukicheka nyumba inajaa. Kila siku! Mi niko pale, nasikia we tu."

Nilipaswa kufurahi. Lakini kwetu mtoto hasifiwi usoni, na bibi hakuwahi kuniambia hayo, hata neno moja. Nikainamia kikombe changu, wivu umeamka upya. Hata maneno ya kunisifu mimi, aliyasikia yeye.