Swali la Kawira

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa mwalimu mpya wa chekechea huku Nkubu, mdomo ukiwa mwepesi kuliko masikio. Darasani nilikuwa na mtoto aitwaye Kawira, ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwa amesema neno. Mama yake alikuwa ameniambia kwamba mambo yakiendelea hivyo atamrudisha kwa nyanya yake, maana majirani walishasema mtoto ni mzito. Roho iliniuma, lakini sikujua la kufanya.

Siku hiyo tulikuwa tukitaja majina ya matunda. Nilipoinua ndizi, Kawira akasema, "Mwalimu, nyanya hufukia ndizi kwa shimo. Zinaiva aje na hakuna moto?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa tayari ulimini. Mwalimu Kathure, mkongwe wa shule aliyekuja kunitazama nikifundisha, akanishika mkono. "Wacha kwanza. Ukimjibu sasa, atanyamaza tena." Akapiga magoti mbele ya mtoto, mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Wewe unafikiri ni nini?"

"Ni majani," Kawira akanong'ona. "Ama ni giza."

"Haya, tutajua aje?"

Watoto wakaleta ndizi mbichi. Nyingine tukazifunga kwa majani makavu ya mgomba, nyingine tukazitia ndani ya sanduku lenye giza bila majani, na nyingine zikabaki dirishani. Kila asubuhi walizibonyeza wakabishana. Wazazi walinung'unika kwamba madaftari ni matupu, na mimi, sikufichi, niliogopa.

Mama Kawira alipokuja kumchukua ampeleke kwa nyanya yake, alikwama mlangoni. Binti yake alikuwa katikati ya wenzake akipaza sauti: "Za majani zimeiva kwanza! Si nilisema?" Mama akaketi palepale kizingitini akalia, kisha akaenda zake bila mtoto.

Basi mwanangu unayeanza kazi hii, mtoto akikuuliza, usikimbilie kuonyesha ujuzi wako. Muulize anavyodhani, mpe cha kushika mkononi, halafu ngoja, ingawa najua ngojangoja huumiza matumbo. Daftari litajaa tu. Na wazazi wakija juu usiwanunie. Waite waone watoto wakiwa kazini.

Mungu akubariki, akupe darasa lenye kelele za maswali. Na uzeeni ukutane sokoni na mtu mzima, akuite mwalimu, akuulize jambo usilolijua.