Nilipowapulizia Mende Dawa ya Pamba

Nilipulizia jikoni dawa ya pamba. Nalisema mapema, usije ukadhani shujaa wa habari hii ni mimi.

Mende wa kwetu Ngokolo walikuwa hawampishi mtu. Ukiwasha taa wanakutazama kama wewe ndiye mgeni. Mama akaleta chaki ya mende, nikachora mistari nyuma ya kabati. Wawili wakalala chali, wengine wakavuka taratibu kama wanafunzi kwenye zebra. Akaleta dawa nzito ya kwenye sindano, unaweka katone katone kwenye bawaba. Muuzaji akasema tusubiri wiki. Mimi na kusubiri hatujawahi kuelewana.

Siku ya tatu nikalikumbuka bomba la mgongoni ambalo baba hupulizia shambani. Dawa ya pamba ilikuwa imebaki stoo. Nikawaza: kama inamuua funza aliyejificha ndani ya tumba la pamba, mende anayetembea hadharani ataponea wapi?

Nikapulizia kuta, sakafu, kila pembe. Mende wakadondoka kama mvua ya mawe! Nikawapigia saluti. Nikatoka uani kutamba kwa jirani.

"Mama mdogo, njoo uone msiba!"

"Msiba wa nani tena, we mtoto?"

Tuliporudi, mdogo wangu wa miaka mitatu alikuwa amekaa sakafuni anatafuna mchembe.

"Umeutoa wapi?"

Akanyooshea kidole gunia la michembe, viazi vitamu alivyotukaushia bibi. Lilikuwa wazi. Nalo nilikuwa nimelipulizia.

Nilimpokonya, nimechelewa. Mate yakaanza kumchuruzika, hayakomi. Akatapika, shingo ikalegea. Jirani akapiga kelele, akasimamisha bodaboda. Nikambeba mtoto, chupa ya dawa mkononi.

Muuguzi aliisoma chupa mara mbili.

"Hii mmepulizia shamba gani?"

"Jikoni."

"Jikoni ni kijiji?"

"Jikoni kwetu. Kwa ajili ya mende."

Akanipokonya mtoto. Alikimbia naye ndani.

Mama alifika kutoka sokoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Tukakaa kwenye benchi mpaka jioni, tulipoitwa. Mtoto alikuwa na dripu mkononi, macho wazi, anaulizia mchembe wake.

Mama akamshika mguu, kisha akanigeukia.

"Mende nimeishi nao tangu nimeolewa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunilazia mtoto hospitali. Nenda kaoge, unanuka dawa."