Meli ya Tano

Dawati la mwenzangu linatazamana na langu, hapa ofisini Kikwajuni. Kazi yake ni kuzigawia meli saba zilizo mbali intaneti ya setilaiti, na haangalii kibodi. Vidole vinapunguza huku, vinaongeza kule, na hina aliyojipaka kumpokea mumewe, baharia ambaye safari yake imeongezwa tena, inazidi kufifia. "Haya, na wewe pata," huziambia meli zake. Jana baada ya Adhuhuri mumewe alimpigia kwa video kutoka meli ya tano. Hawajamaliza kuamkiana, meli ya pili ikaleta ujumbe: kuna mgonjwa, daktari wa mjini anataka kumwona kwa video. "Nshikie simu," akaniambia, akaipunguzia meli ya tano intaneti, akaiongezea ya pili. Uso wa mumewe ukaganda mkononi mwangu, unacheka. Nikataka kuizima simu. "Iache hivyo hivyo, mwaya," akasema bila kugeuka.