Mgeni wa Benchi la Tatu

Pale kwa dobi walimwita Mama Pasi, na jina lenyewe halikuvuka mlango wa chumba cha nyuma. Kaunta ya mbele ilikuwa ya bosi: ndiye aliyepokea nguo, ndiye aliyepokea na shukrani. Nyuma kulikuwa na meza ndefu, mvuke, na mwanamke aliyezijua kola za nusu ya parokia bila wenye kola kumjua yeye.

Tusiwaonee watu, kosa si lao peke yao. Jumuiya za waumini mitaani zilikutana Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi ndipo nguo zinapomiminika kwa dobi. Sasa parokiani, asiyeonekana jumuiya ni kama hayupo. Miaka saba Mama Pasi alisali, akatoa sadaka, akaenda zake.

Wikiendi ile ya sikukuu duka lilifungwa tangu Ijumaa. Mwanawe alikuwa aje na wajukuu. Nyama ikanunuliwa, mashuka yakapigwa pasi kana kwamba anakuja waziri. Jioni simu ikalia.

"Mama, mwaka huu tumekwama huku kwa wakwe. Hujakasirika, eh?"

"Nikasirike nini, mwanangu? Nisalimie watoto."

Jumamosi kutwa hakuna aliyemsemesha, hata wa kumuuliza saa. Akanyoosha pazia lisilo na kosa lolote, mara akajikuta anaijibu redio. Jumapili akatoka nyumbani na haja moja tu: siku isiishe kabla binadamu mmoja hajamsemesha.

Kanisa lilifurika, maana paroko mpya alikuwa anapokelewa. Kwaya ilivaa sare mpya, na wazee wa kanisa walikuja na suti alizowanyooshea yeye Alhamisi. Mama Pasi akakaa benchi lake la tatu, ubavuni mwa mama mmoja mchangamfu mwenye gauni la bluu. Yeye na huyo walikuwa wakipeana mkono wa amani kila Jumapili, miaka yote hiyo.

Baada ya matangazo padri akasimama, kijana bado, jasho linamtiririka.

"Ndugu zangu, mimi ni mgeni, na naona aibu kupigiwa makofi peke yangu. Kuna mgeni mwingine humu? Asimame, tukaribishwe pamoja."

Akasimama mwanafunzi mmoja. Wakasimama mume na mke na kichanga chao. Kisha, akili ikiwa bado inajishauri, miguu ya Mama Pasi nayo ikasimama.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kudanganya kanisani, tena mbele ya padri mpya! Akasubiri mtu aangue kicheko na kusema, "We mama, si tuko nawe hapa siku zote?" Badala yake makofi yakarindima, kwaya ikapokea kwa wimbo. Watu wakatoka kwenye mabenchi kuja kuwashika wageni mikono. Mzee mmoja, suti yake imenyooka vizuri sana, akamuuliza safari ilikuwaje.

"Nzuri tu, baba," akajibu Mama Pasi, aliyetokea mtaa wa pili.

Hakuna aliyecheka. Hofu ya kukamatwa ikamtoka, na kilichobaki kikamuuma kuliko hofu. Akamgeukia jirani yake wa bluu. Huyu angemjua. Huyu lazima amjue.

Yule mama akamkumbatia kwa nguvu zote. "Karibu, dada! Tena umekaa pazuri, hapa ndipo ninapokaaga mimi miaka yote. Unaitwa nani?"

Mama Pasi akataja jina lake, lile la ubatizo, sauti ikamkatikia katikati. Machozi yakamtoka mbele za watu, akashindwa kuyazuia.

"Jamani, usilie," yule mama akasema, akimfuta shavu kwa kiganja. "Ndivyo tulivyo hapa, dada yangu. Tunapenda sana wageni."