Ufa Ulionyimwa Rangi

Mtaani walimwita Mziba Nyufa, na jina hilo alilivaa kwa maringo. Akishasawazisha lipu na kupiga rangi, hata mwenye nyumba hakujua tena ufa ulipita wapi. Basi tetemeko lilipovunja vikombe asubuhi ile na kuwatoa watu bafuni na mapovu yao, yeye aliitwa kila nyumba.

Alianzia kwa mdogo wake wa kike. Kesho yake wakwe zake wangefika, na pale sebuleni, juu ya makochi mapya, ufa ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi sakafuni.

"Kaka, uzibe leo hii. Mama mkwe ana macho yule, na mdomo vilevile."

Mziba Nyufa alitia kidole ufani, kikazama chote. Ndoo ya rangi hakuigusa. Alichukua kipande cha karatasi, akakipaka gundi, akakibandika kukatisha ufa.

"Ndiyo ufundi wenyewe huo?"

"Ikichanika, ujue ukuta bado unatembea. Huko chini miamba inasukumana, kama mimi na wewe tulivyokuwa tunagombania blanketi. Hakuna anayekubali kushindwa, mpaka mmoja ateleze, kitanda kizima kitikisike. Na baada ya hapo tulilala? Si tuliendelea kupigana mateke!"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Huu nikiuziba, tutachimba kaburi."

Dada alinuna, lakini akaenda kulala kwa jirani. Asubuhi walikuta karatasi imechanika katikati. Wakajaribu kutoa makochi, hayakupita. Fremu ya mlango ilikuwa imepinda. Ikabidi wakwe wakaribishwe uani, kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Dada alimimina chai bila kumtazama mtu, aibu imemjaa tele.

Mama mkwe alikikagua kiti chake, kisha akaikagua nyumba.

"Haya makochi tuliyosifiwa mpaka tukachoka, yako wapi?"

Kabla hajajibiwa, ardhi ilinguruma, chai ikamwagika. Ukuta wa sebule ukainama ndani, ukaanguka wote. Vumbi lilipotulia, mguu mmoja tu wa kochi ulionekana.

"Yako humo, mama," dada alisema, akiuonyesha mguu ule kwa kidole.

Mama mkwe alimvuta mkamwana wake, akamkumbatia na asimwachie.