Mkia Uliofungwa kwa Kipande cha Kanga

Ng'ombe wetu wa pale Mshangano hakuwa wetu kabisa. Tulimpata kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ndama: ndama jike wa kwanza unampa jirani anayefuata kwenye zamu, naye atampa mwingine. Jirani yetu, mjane mwenye watoto wadogo, ndiye aliyekuwa anatusubiri. Ndama wa uzao wa kwanza alikufia tumboni. Safari hii jirani alikuwa ameshajenga banda, kaliezeka, na majani amekwisha kukata.

Bwana mifugo alituazima kihisi cha kujaribia. Ni kidude cha plastiki, kinafungwa kwenye mkia karibu na shina. Usikiogope, hata mama yangu mzee alikielewa. Ng'ombe akishikwa uchungu huinua mkia mara kwa mara na kuushikilia juu. Kihisi kinahesabu mara anazouinua, na zikizidi kinatuma ujumbe kwenye simu. Hakijui kingine chochote. Kinajua mkia tu.

Asubuhi ile mama alikwenda kumwosha ng'ombe kiwele kwa maji ya moto, kama alivyozoea mimba ikiwa nzito. Ili asipigwe mkia usoni, aliufunga kwenye mguu wa nyuma kwa kipande cha kanga. Kabla hajamaliza, tukaitwa: mtaa wa pili kuna msiba. Kwetu msibani hawaendi nusu ya watu. Tukabeba sufuria na kuni tukatoka wote, na mimi nikaibana simu kifuani.

Tulikuwa tunachambua mchele. Jirani akanisogelea.

"Dada, simu yako bado haijashikwa uchungu?"

"Bado. Imetulia kabisa."

"Iambie isukume. Mimi banda langu linaota nyasi."

Wanawake wakacheka kwa kuziba midomo, maana marehemu alikuwa bado ndani. Nikaitazama simu. Kimya. Nikafurahi.

Tuliporudi baada ya maziko, ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho yametoka, anakoroma. Kwato mbili zilikuwa nje, nyayo zimeangalia juu. Nyayo zikiangalia chini, mara nyingi ni miguu ya mbele na kichwa kinafuata. Zikiangalia juu, mara nyingi ni ya nyuma. Kichwa ndicho cha mwisho kutoka, na kitovu kikibanwa, ndama hana hewa.

Mama aliuona mkia kabla yangu. "Yesu wangu," akasema, akaketi chini kwenye mavi.

Nilimpigia bwana mifugo. Alikuwa njiani kutoka Tunduru. "Vuteni anaposukuma," akasema. "Akipumzika, nanyi pumzikeni. Msimchane." Jirani alikuwa ameshapaka mikono mafuta ya kupikia. Tukavuta, tukapumzika, tukavuta.

Akatoka. Jike. Hakupumua.

Tukamning'iniza kichwa chini, kamasi zikatoka. Tukamsugua kwa magunia, tukamwingiza bua la nyasi puani ili apige chafya. Nilimsemesha kama mtoto wa darasa la kwanza: jaribu mama, mara moja tu. Mama alikata kile kipande cha kanga kwa kisu. Mkia ukainuka, ukabaki juu, kwa kuwa ng'ombe alikuwa anasukuma kondo la nyuma.

Jirani alikuwa bado anasugua pale simu ilipolia kifuani mwangu: *Ng'ombe wako yuko karibu kuzaa.*

"Wanasemaje?" akauliza bila kuinua kichwa.

Nikamsomea. Mikono yake ikasimama. Akamtazama ndama, kisha mama yangu aliyekuwa amejifunika uso, akamshika bega. "Inuka, bibi. Utapata baridi."

Jioni alirudi na mzigo wa matete kichwani, yale majani aliyokata kumngojea ndama. Akaumwaga mbele ya ng'ombe wetu.

"Ale," akasema. "Yatanyauka."